Kabari Saba

Ulikisoma. Usiniambie hukukisoma. Kile kibao kiko sawa na macho yako, cheupe, herufi nyeusi, skrubu nne: WAPAKAJI RANGI MWISHO HAPA. Ulikisoma ukiwa umeshika kikombe cha chai, ukausukuma mlango kwa bega, ukaingia, na mlango ukajirudisha wenyewe polepole nyuma yako. Ukaangalia pembeni. Ulikuwa na shughuli zako, najua. Lakini mimi nimekaa karibu na mlango ule miaka ishirini na mmoja, na sisahau. Nakumbuka nani alipita lini, na nani alipunguza mwendo, akakitazama, akajikohoza kidogo kisha akapita.

Hakuna aliyerudi kuuliza.

Basi kaa nikueleze kilichotokea kwa sababu ya kibao kile, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni mtu wa feni. Jengo letu lina handaki la upepo: bomba la chuma, pana kama chumba cha kulala, linalozunguka jengo zima na kurudi lilipoanzia. Upande mmoja kuna feni ya mapanga kumi na mawili, kila panga refu kunizidi. Upande wa pili bomba lina madirisha ya vioo vinene, na hapo ndipo bawa la ndege husimamishwa wima. Si bawa zima, mfano wake wenye urefu wa mlango. Nikiwasha feni, bawa linabaki palepale lakini hewa inalipita kwa kasi, utadhani linaruka. Kazi yangu ni kuwasha, kupandisha, kushusha, kuzima. Kibanda changu kina vidirisha viwili. Kimoja kinatazama bawa. Kingine kinatazama chumba cha vipimo, kile kilicho nyuma ya mlango wenye kibao. Kwa hiyo naona pande zote mbili. Hilo liweke kichwani.

Shule yangu iliishia njiani. Niliyoyajua baadaye niliyaokota: ripoti zilizotupwa, vitabu vya maktaba vilivyogongwa muhuri wa kufutwa, kamusi isiyo na jalada. Ilinichukua miaka minne kuelewa kwa nini bawa linapakwa ile rangi. Wewe nitakupa kwa dakika moja.

Hewa inapoanza kulipita bawa huwa tulivu, inateleza tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu ukizisukuma kidogo kwa kiganja. Ikifika mahali fulani inakosa adabu: inavurugika, inajipindua, inalivuta bawa nyuma, na ndege inakunywa mafuta zaidi. Watu wanatafuta mstari huo, pale utulivu unapoishia, maana ukiweza kuusogeza nyuma hata kidogo, ndege inaruka kwa wepesi. Shida ni kwamba hewa haionekani. Ndiyo kazi ya rangi. Ni rangi inayohisi joto. Ukiimulika gizani kwa taa ya buluu, inawaka rangi ya chungwa. Ikipata joto inafifia, ikipoa inang'aa. Bawa linapashwa moto na waya zilizo ndani yake, kisha mimi naleta upepo. Palipo na hewa tulivu joto linabaki, na rangi inabaki hafifu. Palipovurugika hewa inachota joto upesi, na rangi inang'aa. Kamera inapiga. Mstari uliokuwa siri ya hewa unauona kwa macho yako.

Sasa, bawa linalotoka ubavuni mwa ndege kama mkono ulionyooshwa linavumilia mengi. Letu ni lile lililolazwa nyuma kama la mbayuwayu, na hilo halina msamaha. Kwa sababu limelazwa, hewa haiendi mbele kwa nyuma tu, inavutwa na ubavuni pia. Kwenye ukingo wa mbele, chembe moja ndogo kuliko unga uliobaki kwenye kidole inatosha kuivuruga kabla ya wakati wake. Nyuma ya chembe hiyo panatokea alama inayong'aa, nyembamba mbele, pana nyuma, mfano wa kabari ya kupasulia kuni. Wataalamu wakiona kabari wanasema neno moja: uchafu.

Na uchafu, kwa desturi ya jengo lile, ni wa mpakaji.

Mpakaji wa kwanza niliyemjua ni baba yangu mzazi. Jengo zima walimwita Kioo. Alianzia kwenye milango ya magari yaliyogongwa, akaishia kwenye mabawa. Alipomaliza kulisugua bawa kwa msasa wa maji, namba elfu mbili, ule laini kuliko yote, hakuligusa tena. Alichuchumaa na kutazama jinsi taa ndefu ya dari inavyojiona ndani ya rangi. Taa ikiwa imenyooka, kazi imekwisha. Ikijikunja hata kwa upana wa unywele, anaanza upya. Walikuwa na mashine ya sindano ya kupimia ulaini, imetoka mbali, ina sanduku lake lenye kitambaa cha mahameli. Walipima nyuma yake mwaka mzima wakitafuta kosa. Mashine ikawa inasema anachosema mzee, ila kwa kuchelewa.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, bawa la kwanza lililolazwa likajaribiwa, na picha ikatoka na kabari. Wakubwa wawili wakamfuata baba kwenye korido. Wakasimama hapo hapo penye kibao.

"Mzee, rangi yako ina uchafu."

"Nionyesheni."

"Picha iko ndani. Na ndani hamwingii, nguo zenu zina vumbi la msasa. Lenzi zile ni ghali."

Baba akavua koti la kazi palepale, akalikunja, akaliweka sakafuni, akabaki na shati. "Na sasa?"

Mmoja wao akacheka. Sikuwahi kukisahau kicheko kile; nikikisikia sokoni leo nitageuka.

Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na miaka miwili kazini. Nilikuwa kibandani, mlango wazi, niliyaona yote, na macho yangu niliyaweka kwenye saa inayoonyesha kasi ya feni. Feni ilikuwa imezimwa. Nilitazama sifuri mpaka korido ikawa tupu. Kwa hiyo nikisema uliangalia pembeni, sisemi kwa kubahatisha. Mwanzilishi ni mimi.

Jioni ile nilimwaga kapu la taka la chumba cha vipimo, na ile picha ilikuwa humo, imekunjwa mara mbili. Niliinyoosha, nikaifungia kwenye kopo la biskuti, nikalisukuma kopo juu ya kabati la sebuleni nyumbani. Sikumwonyesha baba. Sikumwonyesha mtu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alikuwa na umri wa miaka kumi wakati huo. Baba alipokosa mabawa alimfundisha yeye, uani, kwenye milango ya magari. Miaka mitatu iliyopita walitangaza nafasi ya mpakaji. Akaenda akafanya jaribio, akawashinda wanaume wanane. Hakuna aliyeuliza ni binti wa nani. Hata wewe hukuuliza.

Ungemwona kazini. Chumba cha rangi kinanuka tina ya kuyeyushia rangi, yeye kajifunga kitambaa kichwani, barakoa usoni, macho tu ndiyo yanayosema.

"Kaka, toka kwenye mwanga wangu."

"Nimekuletea chai."

"Iache nje. Mvuke wake ukigusa hili bawa nakupaka wewe, halafu nakusugua kwa msasa namba themanini, ule wa kukwaruza."

Kwanza anapuliza rangi nyeupe ya chini, kisha ile inayohisi joto, nyembamba, mkono haupandi wala haushuki. Inakauka. Anasugua kwa maji. Anapuliza tena. Mwisho anachuchumaa na kuitafuta taa ya dari ndani ya rangi, vilevile kama yule mzee. Ukingo wa mbele anaurudia mara tatu. Kisha anatia sahihi kwenye fomu, bawa linapelekwa handakini, na yeye anarudi upande wake wa kibao. Baada ya hapo Daktari, mkuu wa majaribio, anaingia handakini peke yake na rula na kalamu, anaweka alama zake za kamera, anatoka, anafunga. Nami nawasha.

Jumatatu ile tulikuwa tunajiandaa kwa wageni, na bawa lililolazwa lilikuwa limerudi handakini mara ya kwanza tangu siku za baba. Watengenezaji wa ndege walikuwa wanakuja Jumanne ya wiki inayofuata kuona kama kazi yetu inaaminika. Nikapandisha feni, taa zikazimwa, na picha ikatokea.

Daktari alitoka hadi koridoni, aliposimama mdogo wangu. Si mtu mbaya, niseme kweli. Ni mtu wa kupima. Akikuamkia asubuhi unaona anakadiria umbali.

"Fundi, tuna kabari."

"Ngapi?"

"Saba. Ukingo wa mbele."

"Ukingo ule nimeusugua mara tatu. Mashine yako imesemaje?"

"Mashine imesema vizuri. Lakini mashine inagusa sehemu chache. Hewa inagusa kote."

"Basi niione picha."

"Si utaratibu."

Mdogo wangu akakitazama kibao, akamtazama Daktari. "Nitarudia," akasema.

Alirudia. Alivua rangi ya ukingo wote, akaanza chini kabisa. Siku mbili hakula mchana. Jumatano tukajaribu tena: kabari saba. Safari hii Daktari alikuja na barua. Ijumaa asubuhi kazi itakabidhiwa kwa mpakaji kutoka nje, na mkataba wa fundi aliyepo utakoma siku hiyo. Sababu: uchafu kwenye rangi. Maneno ni yaleyale ya barua ya baba, hata herufi ni zilezile. Nadhani walikuwa na nakala kwenye droo.

Nilitoa nakala ya picha mpya kwenye kapu, kama ilivyo kawaida yangu, na tukaondoka wote wawili saa kumi. Njiani hakusema kitu. Tulimkuta baba sebuleni amewasha redio bila kuisikiliza. Mikono yake siku hizi inatetemeka, kikombe anakishika kwa yote miwili. Mdogo wangu akaiweka barua mezani.

Baba aliisoma. Akairudia.

"Ngapi?"

"Saba, baba."

Akazima redio. "Mimi pia walisema saba."

Hapo ndipo nilipoinuka, nikavuta kiti, nikashusha kopo la biskuti. Nikaitoa ile picha ya zamani, nikaiweka mbele yake.

"Hii nini?"

"Ndiyo yako."

Aliitazama. Alikuwa hajawahi kuiona maishani mwake, picha iliyomtoa kazini. "Ulikuwa nayo siku zote?"

"Miaka kumi na tisa."

"Uliogopa nitalia?"

"Hapana, baba. Niliogopa ni kweli."

Mdogo wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Baba akafuta picha kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hata mimi," akasema. "Niliogopa hilohilo. Nipeni miwani."

Nikaweka picha mpya pembeni ya ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa imefifia, tena imechapwa kubwa kidogo, lakini zilifanana kama watoto wa tumbo moja: ukingo wa mbele mweusi, na kabari saba zinazong'aa zikifunguka kuelekea nyuma. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia meza.

"Rula iko wapi?"

Mdogo wangu akaleta. Mzee akaishika, akamrudishia yeye apime. Akapima kutoka ncha ya kabari ya kwanza hadi ya pili.

"Sentimita mbili na nusu. Hii, mbili na nusu. Mbili na nusu." Akahamia picha ya zamani. "Tatu. Tatu. Tatu. Zote tatu." Akainua uso.

"Vumbi linaanguka linapotaka," baba akasema. "Tangu lini vumbi likapima?"

"Nani anaweka vitu kwa rula kwenye bawa langu?" mdogo wangu akauliza.

Hakuniuliza mimi. Aliuliza hewa. Lakini mimi ndiye mwenye vidirisha viwili, na jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu miaka yote kama kofia ninayoitafuta huku nimeivaa.

"Daktari," nikasema. "Ukishatoka wewe, anaingia na rula na kalamu. Anaweka nukta."

"Nukta za nini?"

"Za kamera. Upepo ukivuma bawa linatikisika, picha zinaachana. Kompyuta inazitafuta zile nukta ili ipange picha sawasawa."

"Mbona kwenye picha hazipo?"

"Kompyuta ikimaliza kupanga inazifuta. Ili picha iwe safi."

Mdogo wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Kalamu gani?"

"Ile ya wino mzito. Ya kuandikia maboksi."

"Juu ya ukingo wa mbele."

"Juu ya ukingo wa mbele."

"Wino ule ukikauka unaacha mdomo," baba akasema polepole. "Tone linakauka pembeni kwanza. Linabaki na ukuta mdogo kuzunguka. Huwezi kuuona, lakini taa ya dari ingeuona." Akaondoa miwani. "Mimi nilijua rangi. Hawa wanajua hewa. Wewe mwanangu umeona rula. Na ule mlango ulikuwa katikati yetu."

Kisha akamgeukia binti yake. "Kesho vaa koti lililofuliwa. Wasipate la kusema."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi mdogo wangu alifika kwenye kibao, hakupunguza mwendo. Koti lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho. Nilitoka kibandani, nikamfuata. Ndani walikuwepo Daktari na mpiga picha, mtu mzima mpole anayezungumza na kamera kuliko na watu.

"Fundi," Daktari akasema, "hukisomi kibao?"

"Nimekisoma miaka mitatu, Daktari. Nimekimaliza."

Mpiga picha akainamisha uso kwenye lenzi yake, mabega yakimcheza.

Mdogo wangu akaweka picha mezani na rula juu yake. Hakupandisha sauti. "Pima mwenyewe umbali wa kabari zako. Halafu pima umbali wa nukta zako."

"Nukta si rangi. Ni alama za kipimo."

"Hewa haijaambiwa hivyo."

Daktari akaitazama rula juu ya picha.

"Ninaomba kitu kimoja," mdogo wangu akaendelea. "Nukta zako za mbele ni saba. Nifute tatu za juu, nibakishe nne za chini. Kingine kisiguswe. Ukiona kabari saba, sitaisubiri Ijumaa. Nachukua mashine yangu ya kupulizia naondoka leo. Ukiona nne, ujue uchafu ni wa nani."

"Nukta zikipungua kamera haitapanga picha."

"Itapanga," mpiga picha akasema kutoka kwenye kona yake. "Za nyuma zinatosha. Za mbele hazikuwa na haja. Nilishasema."

"Ulisema lini?"

"Mwaka juzi. Kwenye kikao."

"Sikumbuki."

"Na mimi sikurudia," akasema mpiga picha, akarudi kwa lenzi yake.

Daktari alichukua rula. Akapima nukta kwenye karatasi yake ya mpangilio, akapima kabari. Akapima tena. Nilimwona akiwa mtu wa kupima kwelikweli, anapambana na namba inayomdharau. "Ni jaribio zuri," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeng'olewa jino.

Mdogo wangu aliingia handakini na kitambaa laini na dawa yake ya kung'arishia. Dakika arobaini kwa nukta tatu. Daktari alisimama mlangoni mwa bomba akimtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi ile ikifanywa. Alipochuchumaa kuitafuta taa, Daktari naye, bila kujijua, akainama kidogo.

"Unaangalia nini?"

"Njoo hapa chini. Umeiona taa? Imenyooka. Sasa sogea huku, penye nukta yako."

Akasogea. Akapiga goti ili aione vizuri.

Nilirudi kibandani nikawasha. Nimeiwasha feni ile mara elfu kadhaa, lakini siku ile niliikagua swichi mara mbili. Niliipandisha taratibu, mapanga yakaanza kunguruma, sakafu ikapata ule mtetemeko unaouhisi kwenye magoti. Taa zikazimwa. Taa za buluu zikawaka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Daktari, mikono mfukoni, na mimi nikamtazama yeye, si skrini, kwa sababu nilijua nitaiona skrini usoni mwake.

Ikaja. Sehemu ya chini ya bawa, kabari moja, mbili, tatu, nne. Juu, pale zilipofutwa nukta tatu, giza. Giza zuri, laini, tulivu, likienda nyuma na kuipita nusu ya bawa. Na mwisho wake pakawa na mstari wenye meno kama ya msumeno, yamepangana vizuri, kama vitabu vyao vinavyosema bawa lililolazwa linapaswa kufanya likiwa safi kabisa. Tangu nianze kazi sikuwahi kuyaona meno yale. Hakuna aliyewahi kuyaona mle ndani. Mara zote wino uliyafunika.

Daktari alihesabu kwa kidole kwenye skrini. "Nne," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Zifutwe zote."

"Na barua?" nikauliza kwa kipaza sauti cha kibandani.

Mdogo wangu akaitoa mfukoni, Daktari akaichana hapo hapo. Lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Nilishusha feni, nikaenda chumba cha vipimo na picha ya zamani, nikaiweka mbele yake. Aliitambua haraka kuliko nilivyotarajia. Uso ulimbadilika.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimetoka chuoni mwezi ule. Mimi ndiye niliyeshika rula. Karatasi ya mpangilio wa nukta nilipewa, nami nimekwenda nayo mpaka leo." Akaitazama picha. "Yule mzee alivua koti."

"Ni baba yetu," mdogo wangu akasema.

Daktari alichukua kalamu, ileile ya wino mzito, akaigeuza picha na kuandika nyuma: Kabari saba. Chanzo ni nukta za wino. Rangi haikuwa na kosa. Akaweka tarehe na sahihi.

Wageni walikuja Jumanne. Bawa zima lilitoka giza na meno, kuanzia shina mpaka ncha, bila kabari hata moja. Mmoja wao, mwenye nywele nyeupe, aliomba kuona ilivyopakwa, na mdogo wangu akamchuchumaza na suti yake akamwonyesha taa ya dari. Nilisikia kwa kidirisha akimwambia Daktari kwamba amezunguka mahandaki mengi na hajaona uso wa bawa laini kama ule. "Nani amepaka?" akauliza. Na Daktari akanyoosha mkono wazi kuelekea kwa mdogo wangu, kama mtu anayempisha mkubwa kwenye kiti. Mimi nilijishughulisha na vifungo vya feni. Macho yaliingiwa na kitu. Si vumbi.

Picha ya siku ile imekuzwa, imetundikwa ndani, ukutani, ukiingia tu. Umeiona. Umesimama mbele yake na chai yako.

Jumatatu iliyofuata tulimleta baba aione. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kola inasimama. Akatembea koridoni katikati yetu, akafika kwenye kibao, akasimama. Daktari mwenyewe alimfungulia mlango.

"Karibu, mzee wangu. Pita."

"Hicho kinasemaje?" baba akauliza.

"Hicho ni cha zamani. Nimeandika kwa utawala kiondolewe, tunangoja jibu."

"Lakini kiko ukutani leo."

"Wewe una ruhusa yangu, mzee."

"Mwenye ruhusa ya kuniingiza alikuwa na ya kunitoa pia," baba akasema, bila hasira. Akavuta kiti cha korido, akaketi.

Nilikuwa nimeshachukua bisibisi. Baba akaniona. "Weka chini. Ukikitoa wewe, watasema mtoto kamtolea baba yake. Kitolewe na wanaopita."

"Baba," mdogo wangu akasema, "picha ni yangu. Twende tu uione."

"Najua ni yako, mama. Ndiyo maana sitaki kuichungulia kama mwizi."

Amekuja kila asubuhi tangu siku ile. Leo ni siku ya sita. Mfuko wa shati una ile picha yenye sahihi nyuma. Kutoka kwenye kiti chake hadi picha ya binti yake ni hatua tisa na mlango mmoja. Jana ulipita, ukamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo, mzee," akaitikia, ukausukuma mlango kwa bega.

Yupo pale sasa hivi. Bisibisi nimeiacha juu ya sanduku la kizimamoto, mkono wako wa kulia, ni ya nyota. Skrubu ya juu kushoto imelegea, nilishaijaribu. Weka hicho kikombe chini, uanze na hiyo.